Naomba ushauri: mwanangu mwenye selimundu ananyanyaswa shuleni

Habari zenu ndugu zangu. Niko Tabora mjini, huku Ng'ambo. Mwanangu wa pili ana miaka 11, yuko darasa la tano, na ana selimundu, ule ugonjwa wa damu (sickle cell). Ameirithi kwangu na kwa baba yake, sisi wenyewe hatujawahi kuumwa.

Wenzake wanamwita "Manjano" kwa sababu ya macho yake. Hilo alilivumilia. Kilichomvunja moyo ni maji. Daktari alisema anywe maji mengi, kwa hiyo chooni anakwenda mara kwa mara, na usiku anakojoa kitandani, kitu cha kawaida kwa watoto wenye ugonjwa huu maana figo zao hutoa mkojo mwingi. Binamu yake akalitangaza darasani. Sasa wanaziba pua akipita.

Juzi nimefungua begi lake nikakuta chupa imejaa mpaka kifunikoni, vilevile nilivyoijaza asubuhi. Hanywi tena, ili asiombe ruhusa ya kutoka. Na jua la huku mwezi wa kumi mnalijua. Usiku ule, kwa kukosa maji, alilia maumivu ya miguu mpaka alfajiri, namkanda kwa kitambaa cha moto, naye ananisihi nisiende shuleni kusema.

Mwalimu wake aliniambia eti utoto tu huo. Baba yake anataka tumhamishe, mimi naogopa lile jina litamfuata.

Niende kwa mwalimu mkuu wakati nimemwahidi mtoto sitaenda? Aliyewahi kuwaeleza wanafunzi kuhusu ugonjwa huu alianzaje? Nisaidieni jamani, hasa nyie wenye selimundu mliosoma mkamaliza.