IST inanuka petroli siti ya nyuma baada ya kubadilisha filta: nitajuaje jointi ya paipu imeshika?

mama_k_tabata

Wakuu, habari za jioni. Nina Toyota IST ya 2004, ile ya cc 1298, injini 2NZ. Ilikuwa inakosa nguvu ikikutana na mlima, fundi akasema filta ya mafuta imeziba, ile iliyomo ndani ya tenki. Akaitoa siti ya nyuma, akafungua kifuniko, akaweka filta mpya nikiwa nimekaa pembeni namwangalia. Nguvu zimerudi, hapo simlaumu.

Shida ni harufu. Nikijaza tenki watoto wanalalamika huko nyuma, na asubuhi nikifungua mlango ndiyo napokelewa nayo. Halafu siku hizi gari inakula starta muda mrefu kabla ya kuwaka. Zamani ilikuwa inadaka mara moja. Nimempigia, anasema ni petroli iliyomwagikia kapeti, itakauka. Nikamuuliza, una hakika paipu imeingia vizuri? Akajibu, "Dada, niliisukuma mpaka mwisho."

Sasa mpaka mwisho ni wapi? Mtu anajuaje kwamba jointi imeshika kweli, haijakaa tu pale? Nataka nielewe mwenyewe kabla sijamrudia au kwenda kwa mwingine.

dogo_wa_mbagala

Pole dada. Paka silikoni nyekundu kuzunguka jointi, acha masaa mawili ikauke, kazi imeisha. Noah yangu nimefanya hivyo, mwaka wa pili huu inadunda.

fundi_msamvu

Mkuu wa Mbagala, hiyo ya silikoni naomba isifuatwe na mtu. Silikoni ya kawaida, hii tunayopaka kwenye kava la tapeti, haipatani na petroli. Inavimba, inalainika, inabanduka vipande, na kipande kikiingia ndani ya paipu kinaelekea kwenye nozeli, zile zinazopulizia mafuta kwenye injini. Noah yako inatembea kwa sababu oringi ya ndani, kile kipete cha mpira kinachozuia mafuta, bado nzima. Silikoni hapo ni pambo.

Dada wa Tabata, kwanza yale ya haraka. Mpaka ikaguliwe, watoto wasipande hiyo gari, usijaze tenki, na usiilaze ndani ya banda lililofungwa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama chini na kusubiri cheche. Na hiyo hadithi ya kapeti haisimami. Petroli iliyomwagika haisubiri ujaze tenki ndipo inuke, wala haifanyi gari ile starta.

Wewe unazo dalili mbili, na huenda zina vyanzo viwili. Pampu ya IST inasukuma mafuta kwa presha ya bar 3.1 hadi 3.5 hivi, kwenye geji utasoma psi 44 mpaka 50. Ukizima gari, ndani ya pampu kuna vali inayozuia mafuta yasirudi tenkini, kwa hiyo paipu inabaki na presha. Jointi isiposhika vizuri, presha inatoka polepole usiku, na asubuhi starta inaanza kwa kazi ya kujaza paipu upya. Hiyo ni dalili ya kwanza. Harufu inayozidi ukijaza tenki mara nyingi ni gasketi ya pale pampu inapokalia tenki: imekunjwa, au imerudishwa ya zamani iliyokwisha kuvimba. Fundi akague zote mbili, asikimbilie kukaza moja akakuambia tayari.

Sasa swali lako lenyewe. Kwenye gari yako jointi zipo za aina mbili, na kila moja ina mwisho wake.

Ya juu ya pampu, chini ya siti, paipu inaingia kwenye tundu lake halafu inafungwa na klipu ndogo ya plastiki inayopita kwa ubavu. Hapa ndipo watu wanapodanganyika. Paipu inaweza kusukumwa mpaka mwisho kabisa, kama alivyokwambia, na bado haijafungwa. Ikiwa klipu haipo au imeingia mguu mmoja, kinachoizuia isichomoke ni ule mbano wa oringi peke yake. Kwenye sailensa, yaani gari inawaka bila kukanyagwa mafuta, utasema iko sawa. Ukikanyaga mafuta, inasogea kidogo, inatoa jasho la petroli, ukiachia inarudi. Ukitaka kuona, piga tochi na uangalie upande wa pili: ncha za miguu yote miwili ya klipu lazima zionekane zimetokeza sawasawa, na mgongo wake uwe umelala bapa, usisukumike tena hata ukibonyeza kwa dole gumba. Mgongo ukiwa umeinuka upande mmoja, mguu mmoja umepita nje ya mfereji wake.

Ya pili iko mbele, paipu ya plastiki inapokutana na ya chuma karibu na injini. Hii inabanwa kwa vidole pande mbili ndipo itoke, na ikirudi inalia "tik". Mara nyingi imefunikwa kwa kijumba cha plastiki. Kama fundi hakuigusa, achana nayo. Kama aliigusa, mlio peke yake haunitoshi, maana kelele za barabarani zinaumeza, na pia mchanga ukiingia unaweza ukasikia mlio wa meno (kucha za plastiki zinazoshika paipu) upande mmoja tu. Paipu ya chuma ina tuta la duara karibu na ncha. Tuta hilo linatakiwa limezwe lote, meno yakae nyuma yake. Ukiliona tuta nje, hata nusu yake, jointi haijashika.

Kwa zote mbili, baada ya kuona, vuta. Shika paipu, si waya, uvute moja kwa moja kuelekea ilikotokea, kwa nguvu ya mkono tu bila koleo. Kucheza milimita moja au mbili ni kawaida. Kuchomoka, au kuteleza taratibu, maana yake unaanza upya.

Kuna jambo mafundi wengi wanaliruka: kabla ya kuunganisha, ncha ifutwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, halafu ipakwe tone la petroli au oili safi ya injini. Oringi kavu inakunjwa au kukatwa paipu ikiingia, na hapo hata klipu iwe imekaa vizuri vipi, itavuja. Pia achungulie ndani ya tundu. Oringi ya zamani hupenda kubaki humo, mtu anaweka mpya juu yake, zinakuwa mbili, na paipu haifiki ndani hata asukume kwa goti.

spea_gerezani

Fundi kamaliza, naongeza la upande wetu. Klipu hizo zinauzwa kivyake, usikubali kufungiwa waya wala kamba ya plastiki. Na muulize fundi kama alikata paipu akaunga mpira. Wapo wanaofanya hivyo jointi ikiwasumbua. Mpira wa mafuta una maandishi ubavuni. Ukiandikwa SAE 30R7 ni wa psi 50, na hapo pampu yako inafika ukingoni. Wa gari za nozeli ni 30R9, unabeba psi 100. Na huo nao ni wa nje ya tenki tu. Ndani ya tenki, unaolowa mafuta nje na ndani, ni 30R10. Mpira wa kawaida ukiuzamisha unaoza, na uchafu wake unaziba hiyo filta mpya.

dogo_wa_mbagala

Sawa fundi, nimekupata. Ila hawa mafundi wa chini ya mwembe ndio wanatuponza, wangesoma haya yasingetokea.

fundi_msamvu

Mwembe hauna kosa mkuu. Mwaka 2011 Toyota wenyewe waliita Lexus IS na GS zirudi kwa sababu sensa ya presha ya mafuta huenda haikukazwa vya kutosha. Hiyo imetoka kiwandani, kwenye mashine na wakaguzi. Tofauti ninayoiona mimi ni fundi anayevuta paipu baada ya kuunganisha na yule anayefuta mikono na kudai hela.

salim_kisauni

Asalaam aleikum kutoka Mombasa. Mie nina Hilux ya dizeli, injini 1KD. Nimebadilisha filta, haivuji hata tone, nimeweka katoni chini usiku kucha ikaamka kavu. Lakini asubuhi yawaka, yaenda kidogo, yazima. Nikipampu kwa mkono juu ya filta yawaka tena. Hii nayo ni jointi?

fundi_msamvu

Waaleikum salaam kaka Salim. Ni jointi, ila yako inafanya kazi kinyume. Upande huo wa 1KD hakuna pampu tenkini, pampu ya kwenye injini ndiyo inayovuta. Paipu ikiwa legelege haitoi dizeli nje, inavuta upepo ndani, ndiyo maana katoni yako imebaki kavu. Pampu kwa mkono mpaka pawe pagumu, subiri, kisha bonyeza tena. Pakiwa pamelegea, upepo unapita. Anza na sili ya filta yenyewe na ile sensa ya maji chini yake, kisha paipu mbili za juu na klipu zake. Ukiweza, unga kipande cha mpira unaoonyesha ndani baada ya filta, utaona mapovu yakipita.

Moja tu: usilegeze paipu za chuma zinazokwenda kwenye nozeli injini ikiwa inawaka. Zile zinaweza kufika zaidi ya bar 1,000, dizeli inapenya ngozi hadi ndani ya nyama, na hilo ni la hospitali mara moja hata kama tundu linaonekana dogo.

mama_k_tabata

Fundi, ubarikiwe. Swali kabla sijaenda: akishafunga, tunajaribuje? Na kabla ya kufungua afanye nini, maana mara ya kwanza mafuta yalimrukia usoni.

fundi_msamvu

Yalimrukia kwa sababu hakutoa presha. Achomoe plagi ya pampu hapo chini ya siti, awashe gari iungue mafuta yaliyobaki mpaka izime yenyewe, apige starta tena kidogo, ndipo atoe waya wa hasi wa betri. Hata hivyo azungushie kitambaa, matone hayakosekani. Milango iwe wazi, na asitumie taa ya balbu ya waya.

Kujaribu: Toyota nyingi za aina yako pampu haianzi kwa kuwasha swichi tu, inasubiri starta. Kwa hiyo anayekuambia "nimewasha swichi, haivuji" hajapima kitu. Washa gari kabisa, kifuniko kikiwa bado wazi, jointi iwe imezungushiwa tishu nyeupe kavu. Wewe kanyaga mafuta mara kadhaa, yeye aangalie. Tishu itaonyesha unyevu mapema kuliko macho. Zima, subiri kidogo, tazama tena. Ikiwa kavu, ndipo mwende kujaza tenki, na mrudi kunusa hapohapo kwenye gasketi.

mama_k_tabata

Mrejesho wakuu. Nimeenda kwa fundi mwingine hapa Tabata, nikamwonyesha uzi huu kwenye simu, akacheka, akasoma wote. Klipu ilikuwa imeingia mguu mmoja, mwingine umepita nje vilevile fundi_msamvu alivyosema. Alipoivuta paipu kwa vidole viwili ikatoka. Gasketi nayo ilikuwa imekunjika upande wa kushoto, ameweka mpya. Tishu kavu, tenki limejaa, harufu hakuna, na asubuhi imedaka.

Kimebaki kile kifuniko cha bati juu ya pampu. Gundi yake nyeusi ilichanika mara ya kwanza, fundi wa awali aliibandika kwa selotepu. Nayo ni ya kubadilisha au niiache?

fundi_msamvu

Badilisha. Hicho kifuniko ndicho kinachotenga chumba cha abiria na tenki. Kikiwa wazi, vumbi na maji ya kuoshea gari chini yanapanda mpaka kwenye plagi ya pampu, na siku jointi ikivuja tena mvuke unaingia moja kwa moja kwa watoto. Tafuta gundi nyeusi ya utepe ile ya kuunganishia taa za mbele, isiyokauka. Bati lifutwe selotepu yote na mafuta kwanza, la sivyo haitanata.