Ushauri: Nitapimaje hatari ya maporomoko ya udongo kijijini?

Mkaa_Bondeni: Wadau, salamu. Niko Marakwet Mashariki, chini ya ukingo wa Bonde la Kerio. Kamati ya maafa ya wadi imenipa fomu: uwezekano alama 1 hadi 5, athari 1 hadi 5, unazidisha. Masika hayo yanakuja. Mteremko nimeupima kwa simu, nyuzi 80, unalimwa mahindi. Fomu inatakiwa Ijumaa.

FundiPima: Alama baadaye, miguu kwanza. Panda na wazee hadi juu. Tafuta nyufa zilizopinda kama mwezi mchanga, miti iliyojikunja shinani, chemchemi mpya. Kwenye ufa pigilia vigingi viwili, kimoja kila upande, msumari juu ya kila kimoja. Pima kati ya misumari kila wiki. Mvua ikianza, kila asubuhi. Kagua na ile mifereji yenu ya umwagiliaji. Unaovuja huko juu hunywesha ufa hata kiangazi.

Mama Mvua: Kipimo cha mvua: chupa ya soda ya lita 2. Kata shingo, igeuze iwe faneli. Tia kokoto, jaza maji hadi pande zinaponyooka, hapo ndipo sifuri. Bandika rula. Kama mti una mita 5, kaa mita 10 kutoka hapo. Soma saa tatu asubuhi.

Kisiki: Miti mmemaliza, sasa mnajaza fomu.

FundiPima: Mkuu, njiani mwa udongo kuna nini?

Mkaa_Bondeni: Nyumba chache. Na zahanati.

FundiPima: Zahanati iko wapi hasa?

Mkaa_Bondeni: Bado haijajengwa. Msingi umeshachimbwa, mdomoni mwa korongo. Lakini ardhi tulipewa bure, barabara iko karibu, na korongo ni kavu karibu mwaka mzima. Uwezekano nilishaweka 2.

FundiPima: Basi jibu limo shimoni. Tazama kuta zake. Kokoto za mviringo zilizojipanga tabaka kwa tabaka ni kazi ya mto. Mawe yenye kona, makubwa kwa madogo, yamezama ovyo kwenye tope lililokauka, hapo korongo lilishawahi kushuka.

Mkaa_Bondeni: Yamechanganyika. Moja halikutoka mpaka tukalivunja kwa nyundo. Tutalitumia kwenye msingi.

Jogoo wa Mjini: Chai hii! Nyuzi 80 ni ukuta. Mahindi mnapalilia kwa ngazi? Huyu ana tasnifu, anataka tumwandikie.

Mama Mvua: Si lazima iwe chai. Programu nyingi za simu hupima kwa nyuzi au kwa asilimia. Asilimia 80 ni kupanda mita 8 kwa kila mita 10 za usawa, yaani kama nyuzi 39. Mahindi yanalimwa hapo, na udongo ukilowa unashuka.

Mkaa_Bondeni: Simu iliandika 80. Sikuja hapa kuthibitisha kama nipo. Mkandarasi anasema gabioni, yale masanduku ya waya yaliyojazwa mawe, zitazuia.

FundiPima: Gabioni husaidia kingo za mto zisiliwe. Jiwe la tani kadhaa likija na tope linazipita. Chesongoch, huko huko kwenu Marakwet Mashariki, Novemba 2025, udongo ulishuka usiku watu wamelala. Kwenye athari hesabu wanaolala, na wodi ya wazazi ina wanaolala. Andika 4 kwa 5.

Mama Mvua: Ongeza kwenye fomu: maji ya korongo yakipungua ghafla mvua ikiendelea, huko juu pameziba. Watu wapande pembeni, wasifuate korongo. Mai Mahiu, Aprili 2024, maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli, kalvati imeziba, kisha yakapasua.

Mkaa_Bondeni: Nikiandika 20 mradi unakufa. Nikiweka 3 kwa 4?

FundiPima: Ukuta wa shimo haujabadilika. Simamisha rula hapo, piga picha, ambatisha.

Kisiki: Na lile jiwe lipigwe picha kabla halijawa msingi.

Mkaa_Bondeni: Sawa. Ila waya wa gabioni, milimita ngapi?