Nilimlipa akae na paka wangu, kumbe picha zote alipiga siku ya kwanza

Wakuu, nauandika uzi huu nikiwa na hasira, lugha mtanivumilia.

Nilikuwa na safari ya siku 9. Nina paka dume, amehasiwa, mnene, mvivu wa kutupwa. Nikatafuta mtu wa KUKAA nyumbani. Kukaa, si kupita. Tukakubaliana alale pale, kila siku abadilishe maji na azoe mchanga wa choo, na kila jioni anitumie picha moja. Nikampa nusu ya pesa na ufunguo.

Picha zikawa zinakuja, tena kwa wakati. "Mzima kabisa bosi, anakula mpaka anasaza." Mimi huko nalala usingizi mnono.

Usiku wa siku ya 6 nikawa nazipitia tu kwa kumkumbuka mnyama wangu. Nikaona bakuli limejaa, na pembeni kuna punje moja ya chakula imeangukia sakafuni. Nikafungua ya jana yake: punje ile ile, pale pale. Ya juzi, hivyo hivyo. Ya siku ya pili, hivyo hivyo! Jamaa alipiga picha zote siku ya kwanza, kaketi kwake ananigawia moja moja kama dozi.

Napiga simu, inaita tu. Nikampigia jirani, akaniambia taa za kwangu hajaziona zikiwaka tangu niondoke. Safari nikaikatisha hapo hapo.

Nilichokuta sitaki hata kukikumbuka. Bakuli la maji limepinduka, limekauka. La chakula jeupe. Choo chake kimefurika, harufu inakupokea mlangoni. Paka yuko chini ya kabati, naita hata sikio halitikisi. Nikamvuta ngozi ya shingo, ikabaki imesimama. Ndani ya masikio, njano.

Daktari wa mifugo alivyomwona tu akauliza hajala siku ngapi. Kumbe paka, hasa mnene, akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwili yanakimbilia kwenye ini na kulijaza mpaka linashindwa kazi. Na kinachoudhi, akishafika hapo hata umwekee chakula gani anageuza uso. Sasa ana mpira wa kulishia shingoni, namsukumia uji wa chakula chake kwa bomba la sindano mara kadhaa kwa siku, na nimeambiwa hili ni la wiki nyingi.

Mwenyewe alipopatikana mnajua alisema nini? "Si nilimwachia chakula kingi? Na paka hafi kirahisi, ndiyo maana watu wanasema roho ya paka." Nilikata simu, maana ningetukana.

Kosa langu nalijua, msinikumbushe. Ningedai video, au picha ya bakuli pamoja na kitu nitakachokitaja siku hiyo hiyo. Na jirani ningempa ufunguo wa pili tangu mwanzo. Lakini mtu mzima mmekaa, mmekubaliana, kapokea pesa, unamlinda kama mwizi?

Jana usiku kanitumia ujumbe anaulizia nusu yake iliyobaki. Nimemjibu kwa picha ya risiti ya daktari. Kaisoma, kanyamaza. Ufunguo wangu bado anao, abaki nao. Kitasa nimeshabadilisha.