Kazi zilizokufa mpakani Malaba na Busia: je, serikali inadaiwa kitu?

Mwanzisha mada, Malaba

Ndugu zangu wa huku mpakani mwa Kenya na Uganda, tusemezane bila matusi. Kila mara nasikia "teknolojia imeua kazi", kisha mazungumzo yanaishia hapo, kana kwamba teknolojia ni mvua. Mimi nasema haikunyesha. Kuna watu waliketi mezani wakaamua, na waliokuwa wanakula kwa kazi hizo hawakuitwa.

Wa rika langu mnakumbuka wachapaji wa nje ya ofisi za forodha. Taipureta juu ya meza ya mbao, fomu imepangwa na karatasi za kaboni katikati ili nakala zitoke kwa mpigo mmoja. Ukikosea tarakimu ya uzito, unachomoa zote na kuanza upya, maana ofisa hataki kuona pamefutwafutwa. Mchapaji hodari alijua kichwani namba za ushuru za mitumba, mafuta ya kula na vipuri, na ajenti mgeni wa kutoa mizigo forodhani alimwamini yeye kuliko kitabu. Ikaja kompyuta ya forodha, ASYCUDA, wachapaji wakatawanyika.

Halafu mwaka 2014 ikaja Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki. Ushuru wa mzigo unaokwenda Uganda ukawa unalipwa mzigo ukiwa bado Mombasa, na maofisa wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, wakapelekwa hukohuko. Ajenti wa Malaba akabaki na muhuri na kiti. Wenye mtaji walifungua ofisi Mombasa. Wasio nao mnawajua walipo.

Hoja yangu ni hii: mfumo wa namna hiyo hupangwa kwa miaka, kwa hiyo serikali ilijua nani ataumia na lini. Nataka iwe sheria kwamba mfumo wowote wa serikali unaofuta kazi za watu uje na mpango wao, uwe wa mafunzo, mtaji wa kuanzia, au leseni ya kuifuata kazi ilikohamia. Siombi sadaka. Mnasemaje?

Dereva wa masafa marefu

Mzee, nakuheshimu, lakini kwenye msiba huo mimi simo. Wewe unakumbuka taipureta, mimi nakumbuka foleni. Malori yamepangana kilomita kadhaa upande wa Kenya, unalala chini ya trela, mbu juu yako, na wezi wa dizeli wananyonya tangi huku unasikia kabisa ila unaogopa kutoka. Posho ya safari inaisha kabla hujaona geti. Ajenti wako alikuwa anashiba kwa sababu mimi nilikuwa nimekwama, na kila karatasi ilikuwa na mkono wa kulainishwa.

Serikali zenyewe zilitamba kwamba safari ya mzigo Mombasa hadi Kampala ilishuka kutoka siku 18 hadi 4. Punguza chumvi kidogo, bado ni mbingu na ardhi. Leo mzigo una sili ya elektroniki inayoonyesha ulipo, nikisimama Tororo kununua mkaa simu inaita, naulizwa nimesimama kwa nini. Inaudhi, lakini sirudi kwenye foleni ile hata kwa dawa.

Mama wa chakula, Malaba

Madereva wa foleni nawajua, nusu yao walikula kwa daftari langu na wengine mpaka leo hawajalipa.

Nyinyi wanaume mnagombana kuhusu ajenti na lori. Ajenti alikuwa na leseni, na chama cha kumsemea. Mimi niliyekuwa napika wali na maharage kwa madereva hao, mwenzangu aliyeuza maji ya kuoga kwa ndoo, na mwenye lojing'i ya vyumba sita, nani alituandika? Foleni ilipoisha, biashara yetu iliisha hivyohivyo bila tangazo. Mzee, hiyo sheria yako ikipita itawalipa waliokwisha andikwa. Sisi tutaisikia redioni.

Mimi nilihamia mobail mani, yaani kutuma na kutoa pesa kwa simu, ambayo MTN ilianzisha Uganda mwaka 2009. Kwa hiyo kompyuta moja iliniondoa na simu ikanipokea, siwezi kuitukana teknolojia yote. Lakini nako tuliona: Julai 2018 serikali ikaweka kodi ya asilimia 1 kwenye miamala, wateja wakakimbia kibanda. Baadaye ikashushwa hadi 0.5 kwa kutoa pesa tu. Mashine ilikuwa ileile, iliyobadilika ni karatasi ya Bunge.

Kijana wa Busia

Mnataka fidia, sawa. Waendesha boda za baiskeli walilipwa na nani? Busia hii ilijaa baiskeli zenye kiti cha sponji nyuma, zinavusha watu na magunia mpakani kutwa nzima. Zikaja pikipiki za Kihindi, mteja akachagua mwenyewe kwa sababu anafika haraka. Hakuna waziri aliyeamua. Aliyeweza kukopa alipanda pikipiki ya Bajaj, asiyeweza alirudi shambani. Mkianza kulipa kila anayepitwa, bajeti ya afya mtaitoa wapi?

Mwanzisha mada

Kijana, hapo umenipa nilichokuwa natafuta. Baiskeli iliuawa na mteja, sibishi, na sidai senti kwa ajili yake. Lakini kadi za muda wa maongezi, zile za kukwangua? Wateja walikuwa bado wanazinunua. Mwaka 2018 Tume ya Mawasiliano ya Uganda ndiyo iliyoelekeza ziondolewe, na vijana waliozitembeza kwenye malori na mabasi wakaambiwa watafute kingine. Amri ikitoka ofisini, bili nayo iende ofisini. Na Mama, umesema kweli: orodha ianzie kwa wasio na leseni. Serikali ya mtaa inawajua, ushuru wa soko ilikuwa inawatoza kila asubuhi.

Dereva wa masafa marefu

Serikali ya mtaa itaandika majina ya shemeji zao. Tunajuana.

Fundi wa pikipiki, Tororo

Mnazungumza ya waliokufa, mimi bado napumua. Pikipiki za umeme zimekwisha ingia Kampala na zitafika huku. Hazina oili ya kumwaga, hazina kabureta, hazina plagi, yaani robo tatu ya mkate wangu haimo. Betri ikisumbua, mwendeshaji haji kwangu, anaenda kwenye kituo cha kampuni anabadilishiwa nyingine na kuondoka.

Pesa ya fidia siitaki, nitaila iishe. Ninachotaka ni kampuni ikiomba kibali cha kuleta pikipiki hizo ilazimishwe kutuuzia vipuri na kutufundisha mota na nyaya zake, sisi tulio barabarani, siyo vijana wao wa ofisini peke yao. Sasa hivi ukifungua kile kisanduku cha betri wanasema umeharibu mkataba. Mzee, kama sheria yako ina kifungu hicho, nipe karatasi niweke sahihi. Kama haina, kiongeze kabla hamjafika kwenye mambo ya taipureta.