Madalali wa bima wa Unguja na Pemba, mafao ya wafanyakazi yanalipa au ni usumbufu mtupu?

Dalali_Mlandege (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wakubwa na wadogo. Nina ofisi ndogo ya udalali wa bima hapa mjini, leseni ya TIRA (mamlaka ya usimamizi wa bima) ipo. Sehemu kubwa ya biashara yangu ni magari: bima ndogo za vespa na daladala, bima kubwa za gari za kukodisha, na bima ya moto kwa maduka machache. Tangu benki ziruhusiwe kuuza bima, mtu anaingia kuchukua mkopo wa gari, akitoka keshakatiwa bima mlemle ndani. Kilichonibakia ni kuwakumbusha watu kuwa stika imeisha, na jawabu lao ni "fulani anauza bei gani?"

Nafikiria kuingia kwenye mafao ya wafanyakazi, yaani afya, ajali na maisha ya kundi, kwa hoteli na skuli binafsi. Lakini ZHSF, Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ipo tangu sheria ya 2023 na michango inatoka kwenye mishahara. Mwajiri atakubali kutoa fedha nyengine? Na hoteli inafunguliwaje mlango, maana mimi naishia kwa mlinzi wa geti. Wenye uzoefu nisaidieni, wa kejeli leo wapumzike.

Bi_Utumishi

Waalaykum salaam kaka. Mimi ndiye unayemtafuta huyo, nashughulikia wafanyakazi kwenye hoteli ya pwani ya mashariki. Madalali wanakuja Disemba hoteli imejaa, mkononi karatasi ya bei. Nawapa chai, nawaambia tutawasiliana, na siwatafuti. Bei hata mimi naweza kuiomba kampuni moja kwa moja.

Kinachonitesa ni orodha ya majina. Masika tunapunguza watu, Juni tunawaita, wengine hawarudi kwa sababu wameshapata kazi Nungwi. Mpishi aliyeondoka Aprili bado tunamlipia, aliyeanza Juni anafika hospitali kadi haisomi. Kijana wetu wa jikoni aliungua mkono kwa mafuta, kakaa kwenye benchi la mapokezi kajifunga kitambaa, mimi nampigia dalali wetu wa wakati ule, simu inaita tu. Tukalipa wenyewe. Risiti nikampelekea, na hadi kijana anarudi kazini dai halijajibiwa. Meneja akaniuliza, "Huyu tunamlipa kwa kazi gani?" Sikuwa na la kumjibu.

Sasa akitokea mtu wa kupita ofisini kwangu kila mwezi akachukua majina yaliyoingia na yaliyotoka, na simu ya mgonjwa akaipokea hata usiku, huyo mimi mwenyewe nitampeleka kwa meneja ampe na bima ya jengo, boti na magari. Nyinyi mnang'ang'ania kuanza na jengo, na jengo lina wenyewe.

Jengine: wafanyakazi wetu wengi wametoka Bara. Mke na watoto wako Tanga, wengine Moshi. Usiniulize "wategemezi wangapi" kabla hujaniuliza wanaishi wapi. Kadi isiyofanya kazi kule kwa mtu huyo ni pambo.

Mstaafu_Malindi

Mwanangu, dada kakupa dawa, mimi naongeza kidogo. ZHSF usishindane nayo, wala usimwambie mwajiri kuwa utamkwepesha, utajitia matatani. Kaa naye, muangalie wafanyakazi wanapata nini kule, kisha umuoneshe kilichobaki wazi. Kama hakuna kilichobaki, mwambie hakuna. Ukimwambia hivyo mara moja, siku ya pili atakuamini.

Palipo wazi zaidi kwa nionavyo ni ajali kazini. Waajiri wengi wenye asili ya Bara wanadhani WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) inawakinga. WCF ni mfuko wa Bara. Zanzibar tuna sheria yetu ya fidia kwa wafanyakazi, ya 1986, ikarekebishwa 2005, na mzigo unamwangukia mwajiri. Fundi akianguka juu ya paa la makuti, suala ni nani atalipa. Chukua sheria kama ilivyo leo pamoja na marekebisho yake yote, isome mwenyewe, usitegemee maneno ya barazani (pamoja na haya yangu), halafu ndiyo uende na bima ya fidia na ya ajali ya kundi. Ada yake ni ndogo kuliko ya afya, na madai si ya kila siku.

Afya ifanye ya mwisho. Madai yake kila kukicha, mwaka ukiisha kampuni inapandisha ada, na anayetumwa kupeleka habari hiyo ni wewe.

Na usianzishe mkataba Aprili. Bila ada kulipwa hakuna kinga, na Aprili hoteli haina fedha. Zungumza nao masika, wakati wana nafasi ya kukusikiliza, mkataba uanze Julai au Agosti fedha ikishaingia.

Chake_Kwetu

Mmesahau suala la halali na haramu. Huku Pemba mwenye skuli au duka la jumla atakuuliza hilo kabla ya bei. Takaful, yaani bima ya Kiislamu, ipo nchini na TIRA inaisimamia, basi beba hiyo, na usijitie ushekhe. Mpe maelezo ya bodi ya sharia ya kampuni husika ayapeleke kwa anayemuamini.

Kwenye maisha ya kundi, ulizia mapema jina linaloandikwa kwenye fomu lina maana gani. Mtu kaandika kaka yake, kafariki, ana mke na watoto. Hiyo fedha ni ya kaka au ni mirathi? Watu wa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, wanaoshughulikia mirathi, waulize kabla, si msibani.

Gharama za mazishi usiziuze kama zinavyouzwa Bara. Kwetu maiti anazikwa siku ile ile, sanda na kaburi jamaa wanatoa. Anayebaki na shida ni mjane, miezi minne na siku kumi yumo edani na mshahara wa mume umekatika. Hapo mwajiri anakuelewa. Kwa mfanyakazi wa Bara ndiyo, kusafirisha maiti ni gharama ya kweli.

Vespa_Nyekundu

Kamisheni anayopata dalali kwa walimu wanane wa skuli ya maandalizi hata mafuta ya vespa haitoshi 😂

Mstaafu_Malindi

Kwa hiyo usiende kwa mmoja mmoja. Nyumba ndogo za wageni za Jambiani zinajuana. Iombe kampuni iwachukue kama kundi moja chini ya mkataba mmoja. Ikikataa, nenda kwa nyengine, wewe ni dalali wa mteja, si wakala wa kampuni.

Dalali_Mlandege

Nimenufaika, Mungu awalipe. Bi Utumishi, kwenu mishahara inafungwa tarehe ngapi?

Bi_Utumishi

Tarehe 22. Njoo 20 asubuhi, na uje na fomu za kutoa majina pia. Kila mtu ananiletea za kuingiza tu.