Naomba ushauri: mikoko yetu imekombwa na bamvua

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nasoma mwaka wa pili chuo kikuu cha serikali, hapa Tunguu, Unguja. Likizo iliyopita sisi Wapemba wanane tulirudi nyumbani, upande wa Micheweni, kupanda mikoko. Tulichomeka mbegu kwenye tope wakati wa maji mafu, bahari inapojaa kidogo tu, tukapiga picha (hizo zilitoka nzuri), tukaondoka. Bamvua lilipokuja, yale maji makubwa, likazikomba karibu zote. Zilizobaki, kina mama wanaochokoa chaza wanasema ziko kwenye njia yao. Kweli hatukuwauliza, tulimuaga sheha tu, kiongozi wa mtaa.

Nauli ya boti tunachangishana wenyewe. Mnaoijua pwani, tukapande upya, au kwanza tukakae na kina mama hao watuonyeshe pahala? Na tunakwendaje, mikono mitupu?