Utangulizi wa falsafa: nimepata 7/20 na lekcha anajibu swali kwa swali

Mlala_Hosteli

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada. Niko mwaka wa kwanza nasomea ualimu, sasa kuna hii kozi ya utangulizi wa falsafa ni ya lazima huwezi kuikwepa na ndo inanitoa jasho semista hii. Tulianza na Socrates, yule mzee wa Athens aliyehukumiwa kunywa sumu mwaka 399 KK, pale nilikuwa naelewa maana ilikuwa kama stori. Akaja Descartes na kitabu chake cha 1641 anasema tuseme kuna pepo mjanja anatudanganya kwenye kila tunachokiona, nikasema haya, ngoja tuone tunafika wapi. Halafu tukaingia kwenye hiari, yaani kama mtu kweli anachagua mwenyewe anachofanya. Hapo ndo nimekwama.

Swali la testi: "Kama kila tendo lina chanzo, je, kuna mtu anayestahili lawama?" Darasani lekcha alikuwa ametoa mfano wa kijana wa bodaboda kapita taa nyekundu kamgonga mama muuza vitumbua, beseni huko, mama kavunjika mguu. Akatuuliza kwa nini alipita? Ana haraka. Kwa nini ana haraka? Hesabu ya bosi haijatimia. Kwa nini ana bosi? Hana pikipiki yake. Akaendelea kurudi nyuma hivyo hivyo mpaka kabla kijana hajazaliwa, halafu akasema "haya, tumlaumu nani" akakusanya vitu vyake akatoka.

Mimi kwenye testi nikashusha kurasa nne. Binadamu kapewa hiari na Mungu, mistari nikaweka, nikamalizia kila mtu atavuna alichopanda. Karatasi imerudi na 7/20, pembeni wino mwekundu: "Umeniambia unachoamini. Hujaniambia kwa nini mimi nikubali." Nikamfuata ofisini nikamuuliza sasa jibu sahihi ni lipi, akanijibu "wewe unaonaje?" Jamani!! UE (mtihani wa mwisho wa semista) hiyo inakuja na sitaki kusapu, yaani kurudia mtihani. Wenzangu wanasema nikariri slaidi tu. Mliopita huku mlifanyaje? Na hivi haya maswali yana faida gani kama watu wamebishana miaka elfu mbili na ushee na hawajakubaliana?

Tairi Mbili

Dogo kariri upate cheti utoke, hao kina Socrates walikuwa hawana kodi ya nyumba. Swali lenyewe la kitoto, aliyepita taa nyekundu ndo mwenye kosa, traffic hahitaji digrii kujua hilo.

Chaki Nyeupe

Dogo, kozi kama hiyo nimesaidia kusahihisha, lekcha wako hajakuonea. Maksi hazijakatwa kwa sababu ya Mungu. Zimekatwa kwa sababu swali lilikuwa na mtego na wewe umepita pembeni yake bila kuugusa.

Mtego uko hivi. Kuna sentensi tatu, kila moja ukiisikia peke yake unatingisha kichwa. Kila tendo lina vyanzo vilivyotangulia. Kama vyanzo vyote vilishatangulia, yule kijana asingeweza kufanya vingine. Na mtu halaumiwi kwa jambo ambalo asingeweza kulikwepa. Sasa zikubali zote tatu uone, bodaboda hana kosa, aliyekuibia simu hosteli hana kosa, hakuna mwenye kosa duniani. Kwa hiyo kazi yako kwenye karatasi ni kusema ipi kati ya hizo unaikataa, kwa nini, na ukiikataa unabaki na tatizo gani.

Wapo wanaokataa ya kwanza, wanasema kuna matendo yanayoanzia kwa mtu mwenyewe. Sawa, ila watuambie tendo lisilosababishwa na kitu linatofautianaje na bahati nasibu, maana huwezi kumsifu mtu kwa namba iliyojitokea. (Na hapa ndipo ulipokuwa wewe bila kujua, "amepewa hiari" ni kuikataa ya kwanza halafu ukanyamaza.) Mwanafalsafa David Hume mwaka 1748 alipita kwingine, kwake kuwa huru ni kutenda unavyotaka bila kufungwa wala kulazimishwa, kwa hiyo vyanzo na uhuru havigombani kabisa, kijana alitaka kuwahi akakata kona, hakuna aliyemshika mkono. Halafu 1969 mwanafalsafa mwingine, Harry Frankfurt, akaivamia ile ya tatu. Mfano wake ukiusimulia kwa mambo ya leo ni hivi: kuna mtu anataka fulani aue, kamtegea kidude kwenye ubongo, akimuona anasita anabonyeza tu na fulani anaua. Lakini fulani hakusita, kaua kwa roho yake mwenyewe, kidude hakikuguswa. Alikuwa na njia nyingine? Hakuwa nayo. Tunamwachia? Mimi simwachii.

Kwenye UE chagua upande wowote, lekcha hajali. Ila hoja ya mpinzani wako iandike kwa nguvu kiasi kwamba yeye mwenyewe akiisoma aseme ndiyo, hiki ndicho ninachosema, ndipo uijibu. Wengi wanaidhoofisha kidogo ianguke haraka, mtu akisahihisha anaona kabisa.

Bint Bandarini

Salaam kutoka Mombasa. Mdogo wangu usiogope kuleta dini, wewe ilete kama hoja. Swali hili wanachuoni wa Basra na Baghdad walishapigana nalo kabla ya hao kina Hume. Mu'tazila, kundi moja la wanachuoni wa Kiislamu, walisema lazima binadamu awe ndiye mwenye vitendo vyake, kwani Mungu ni muadilifu, vipi akuadhibu kwa jambo alilolitenda Yeye? Al-Ash'ari alikuwa mwanafunzi wao hasa, kisha akawageuka, akasema kuumba ni kwa Mungu peke yake, hata kitendo chako Yeye ndiye muumba, wewe unakichuma tu na kwa kuchuma huko ndiko unakoulizwa. Wapinzani wakamuuliza huko kuchuma ndiko nini hasa kama si kutenda, na hilo swali halijalala hadi leo. Wakristo nao wana Augustine, ana kitabu kizima juu ya hiari. Kwa hiyo aya uliyoiweka ilikuwa mwanzo wa kazi, wewe ukaifanya mwisho.

Na si vitabuni tu. Nenda matangani, mtu amegongwa na gari, mzee yule yule anakwambia ajali haina kinga, siku ilikuwa imefika, na hajamaliza kikombe cha kahawa ashauliza dereva ni mtoto wa nani na atalipa vipi. Sisi hayo mawili tunayashika yote kwa pamoja na hatuoni tabu yoyote. Mimi ningeanza karatasi yangu hapo hapo.

Wa Mtaani 254

Niaje wasee. Mimi niliifanya hii kozi Nairobi na kitu ilinisaidia ni Odera Oruka, profesa wa hapo chuo kikuu, alikuwa anaenda mashambani kuhoji wazee kuhusu Mungu, kifo, haki, usawa, kitabu chake kikatoka 1990. Aliwagawa wazee makundi mawili. Kuna mwenye anajua mila yote na akikuambia ni ile jamii inasema, basi. Halafu kuna mwenye anajua hiyo mila lakini ukimsukuma kwa maswali anaipima, pengine anaikataa na anakupea sababu. Wote ni wazee wa heshima lakini Oruka alisema huyo wa pili ndiye anafalsafisha, hata kama hajawahi shika kalamu. Bro, ile essay yako ya 7 ilikuwa ya mzee wa kwanza.

Kuhusu hiyo miaka elfu mbili, fizikia ilikuwa humo humo ndani ya falsafa. Newton 1687 kitabu chake kinajiita cha falsafa ya asili. Swali likipata njia ya kupimwa linahama linaenda kujitegemea, so hayo unaona yamebaki ni yale magumu.

Mlala_Hosteli

Asanteni sana aisee, lekcha angeongea hivi ningekuwa mbali. Ngoja nijaribu, mnipige. Mimi naikataa ya tatu kama Frankfurt. Kijana ana kosa kwa sababu alitaka mwenyewe kupita, haijalishi kutaka kwake kulitoka wapi. Ila sasa kama ni hivyo, bosi aliyempangia hesabu kubwa kila siku akijua kabisa barabara ilivyo, naye si alitaka? Kwa nini yeye hatumgusi?

Tairi Mbili

Ooh sasa mmenifikia. Nina pikipiki mbili barabarani na hesabu ni ile ile kwa vijana wote wawili. Mmoja mwaka mzima hajapata hata faini, mwingine kila wiki napigiwa simu kituoni. Bosi mmoja, hesabu moja, mji mmoja. Sasa bosi ndo chanzo gani hicho?

Chaki Nyeupe

Mkuu hiyo ni hoja, na ni nzuri kuliko nyingi nilizowahi kusahihisha. Ila mpinzani atakuambia hao vijana wawili hawakufanana tangu mwanzo, mmoja kalelewa hivi mwingine vile, damu tofauti, marafiki tofauti, kwa hiyo bado ni vyanzo tu, umebadilisha tu ni vipi. Na kuhusu bosi, lawama si mkate kwamba akipewa kipande bosi cha kijana kinapungua. Wote wawili wanaweza kuwa na kosa zima.

Tairi Mbili

Haya ticha. Basi na mimi Jumamosi yule wa simu za kituoni namnyang'anya ufunguo, na kunyang'anya kwangu nako kuna chanzo, asinilaumu.

Chaki Nyeupe

😂😂 Zeno wa Citium, mwanzilishi wa Stoa, shule ya falsafa ya Wagiriki wa kale, wanasimulia alikuwa anamchapa mtumwa wake kwa wizi, mtumwa akajitetea kwamba iliandikwa aibe. Zeno akamjibu, na kuchapwa pia.

Mlala_Hosteli

Hii naweza kuiweka kwenye UE?

Chaki Nyeupe

Iweke, ila usiishie kwenye kicheko. Zeno kajibu hoja ya mtumwa au kamchapa tu mara ya pili? Andika aya moja leo usiku unitumie.